Nyota pacha zenye madoa zinataka mikesha, na mikesha huku Kusini tunayo

Mwezi wa kumi, saa nane na kitu usiku, ukiwa Mikindani ukageukia kaskazini utaiona Kilimia imepanda vizuri, kile kifungu cha nyota ambacho wazee walikuwa wanasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyoosha mkono, tanua kiganja, anzia kwenye Kilimia upandishe shubiri moja na kidogo kuelekea utosini. Hapo kuna nyota mbili hafifu zimebanana. Moja inaitwa 10 Tauri, hiyo unaiona bila shida kama hakuna taa karibu, na nyingine iko pembeni yake kwa nafasi ambayo ni kama theluthi ya upana wa mwezi, hiyo mpaka uwe na darubini ya macho mawili ndo utaitenga vizuri. Hiyo ya pili ndo HR 1099. Kwa macho ni nukta tu, ila ukweli ni kwamba ni nyota mbili zinazungukana kila baada ya siku 2.84, moja ya manjano inafanana na jua letu, nyingine ya rangi ya chungwa imeshaanza kuvimba, na hiyo ya chungwa ina madoa meusi makubwa ambayo jua letu halijawahi kuwa nayo tangu watu waanze kuliangalia kwa darubini.

Nimeanza na hii nyota kwasababu kila nikitaja habari za angani huku kwetu jibu ni lilelile, kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye darubini za mabilioni. Kwa galaksi za mbali huko sibishi. Lakini kwa nyota za aina hii, hizi pacha baridi zenye sumaku kali, hoja hiyo haisimami hata kidogo, na nataka nieleze kwa kirefu kwanini, maana kuna nafasi ya Mtwara na Lindi humu ndani ambayo tunaipita kila usiku tukienda kulala.

Tuanze na maji. Mtu yeyote aliyekulia ufukweni anajua bamvua, maji yanatoka mpaka ghuba inabaki matope, akina mama wanashuka na vikapu kutafuta pweza na kombe, halafu baada ya saa sita hivi yote yanarudi. Huo ni mvuto wa mwezi, na siku za bamvua jua linauongezea nguvu. Sasa mvuto wa namna hiyohiyo, wa dunia kwenda kwa mwezi, ndo umeubana mwezi mpaka unatuonyesha uso mmoja tu miaka yote. Chukua nyota mbili nzito zilizo karibu kiasi cha kuzungukana kwa siku mbili au tatu, fikiria kujaa na kupwa kwake kukoje, zinavutana mpaka kila moja inalazimika kujizungusha sawa na safari ya kuzunguka mwenzake. Jua letu linajizungusha mara moja kwa siku kama 25 kwenye ikweta yake, na lilipokuwa changa lilikuwa na kasi zaidi, upepo wake umekuwa ukilipunguza taratibu, jambo ambalo Andrew Skumanich alilionyesha mwaka 1972 kwamba nyota inavyozeeka ndo inavyopoa mwendo. Nyota iliyofungwa na pacha wake haipati nafasi ya kupoa mwendo. Kila ikitaka kupunguza, pacha anaivuta iendelee kuzunguka.

Na mwendo ndo kila kitu hapa. Nyota baridi, namaanisha zenye nyuzi elfu nne mpaka kama elfu tano na nusu usoni (baridi kwa kipimo cha nyota), kwa ndani zinachemka kama uji mzito kwenye sufuria, gesi ya moto inapanda na iliyopoa inashuka. Uchemkaji ukichanganyika na mzunguko unatengeneza sumaku. Waliopanda baiskeli ya zamani yenye dainamo kwenye gurudumu wananielewa moja kwa moja, ukipiga pedali polepole taa inakuwa nyekundu ya kufifia, ukikimbiza inawaka nyeupe. Jua letu ni baiskeli ya mzee anayetoka shamba hana haraka. HR 1099 inateremka mlima. Sio zote zinafuata utaratibu huu, mfano Lambda Andromedae inazunguka mwenzake kwa siku 20.5 lakini yenyewe inajizungusha kwa siku kama 54 na bado ina madoa ya kutosha, kwahiyo ukiona mtu anakuambia kanuni ni moja kwa zote mwambie aangalie na hiyo.

Swali la mjomba wangu lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa. Mjomba amevua dagaa kwa taa miaka mingi, tangu karabai mpaka hizi taa za sola za sasa hivi, na kwa kazi yake usiku wa giza ndo wa pesa, mbalamwezi ikiwa kubwa wanakaa nyumbani, kalenda yake na ya wapima nyota ni moja. Akaniuliza, "Sasa mjomba, wewe umejuaje kama ziko mbili wakati mimi naona moja, na hayo madoa umeyaonea wapi?" Nikamwambia shikamoo tena mjomba, maana hilo swali ndo fani nzima. Nikamuuliza na mimi, dau mbili zikiwa mbali si unaona taa moja? Akasema ndio, mpaka zitembee.

Zitembee, hilo ndo neno. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kifaa cha kuutawanya unatoka kama utepe wa rangi, na ndani ya utepe kuna mistari, huo utepe ndo tunauita spektra. Nyota ikija kwetu mistari yake inasogea kidogo upande wa bluu, ikienda inasogea upande wa nyekundu. Ukiona mistari inagawanyika miwili miwili, inaachana, inakutana, inaachana tena, basi pale ziko mbili, na hata kama hakuna darubini duniani ya kuzitenganisha mistari imeshasema.

Likizo ya mwezi wa sita nilikaa na vijana wa kidato cha tatu hapa mtaani tukakata boksi la viatu, tukaweka mpasuo mwembamba kwa nyembe mbili upande mmoja, kipande cha CD upande wa pili. Tukazima taa, tukawasha jiko la gesi. Moto wa bluu, ndani ya boksi huoni cha maana sana. Halafu mmoja akanyunyiza chumvi ya mawe, hii ya mashamba ya chumvi ya pwani yetu, moto ukageuka njano na ndani ya boksi ukatokea mstari mmoja wa njano umekaa peke yake. Walinyamaza wote. Halafu wakaanza kugombania boksi. Kwa kifaa kizuri ule mstari ni miwili, 589.0 na 589.6 nanomita (namba hizi ni urefu wa wimbi la mwanga, ndo anwani ya kila mstari), ni sodiamu, na kwenye nyota iko palepale ila inaonekana myeusi kwasababu gesi ya juu iliyopoa kidogo inaudaka mwanga huo usitoke. Joseph von Fraunhofer aliichora mistari mieusi ya jua mwaka 1814, na yale majina yake ya herufi tunayatumia mpaka leo.

Kati ya hiyo kuna miwili ya kalisi, H na K, iko 396.8 na 393.4, mwisho kabisa wa zambarau ambapo macho yetu yanakaribia kushindwa. Kwenye nyota tulivu hiyo mistari ni mipana na mieusi tii. Kwenye nyota yenye sumaku kali, katikati ya ule weusi kunatokea ncha inayong'aa, kama mtu kawasha kibiriti ndani ya shimo. Maana yake tabaka la juu ya uso, kromosfia, limepashwa moto na sumaku kuliko kawaida. Walioona na kuiandika ncha hiyo kwenye nyota za mbali ni Gustav Eberhard na Karl Schwarzschild wa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1913, na moja ya nyota walizozitaja, Sigma Geminorum, leo tunajua ni pacha wa aina hii hii, inazungukana na mwenzake kwa siku 19.6.

Nikisoma 1913 na Potsdam roho inaniuma kidogo, nitasema kwanini. Kuanzia 1909 mpaka mwaka huohuo wa 1913 Wajerumani walikuwa Tendaguru, hapa Lindi, wanachimba mifupa ya dainosaria, zaidi ya tani 200, na waliobeba mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi ni watu wa huku, babu zetu. Mifupa iko Berlin, na Potsdam ni jirani tu na Berlin. Yani wakati babu zetu wanabeba mifupa, ambayo nayo ni kalisi, kuna mtu kule anaandika habari za kalisi inayong'aa kwenye nyota, na ile nyota ilikuwa inapita juu ya Tendaguru vilevile kama inavyopita juu ya Potsdam. Mifupa ilihitaji wapagazi na meli. Mwanga hauhitaji, unatufikia wenyewe, na mpaka leo tunauacha unaanguka mchangani.

Turudi kazini. Kuona ncha ya kalisi haitoshi, lazima ujue ni kiasi gani kimezidi, na hapa ndo napenda hii fani kwa moyo wote kwasababu ni hesabu ya gunia la korosho. Ukifika ghalani msimu huu unaweka gunia zima kwenye mzani, halafu unatoa uzito wa gunia lenyewe, kinachobaki ndo korosho. Wapima nyota wanafanya hivyohivyo. Wanatafuta nyota mbili tulivu, moja yenye joto kama la pacha wa kwanza na nyingine kama la pacha wa pili, wanazitanua mistari kwa hesabu kana kwamba zinajizungusha kwa kasi ileile, wanazisogeza mahali pake, wanazijumlisha kwa uwiano wa mwanga wa kila mmoja, halafu wanatoa hicho chote kwenye spektra halisi. Kinachobaki ndo kazi ya sumaku. Mstari mwekundu wa haidrojeni wa 656.3 ambao mwanzo ulionekana kama hauna tatizo, ukitoa gunia unakuta umejaa. Ila gunia likiwa sio lake utapunjika au utazidishiwa, kwahiyo mimi nikiona matokeo ya mtu jambo la kwanza nauliza alitumia nyota gani tulivu, kabla hata sijaangalia grafu.

Baada ya hapo unalinganisha. Ziada ya mstari mwekundu wa haidrojeni ukiigawa kwa ziada ya ule wa 486.1, ukapata moja au mbili, yanayong'aa ni mabaka ya moto yaliyokaa usoni mwa nyota. Ikizidi tatu, basi kuna gesi imenyanyuliwa na sumaku inaning'inia nje ya uso kama matawi. Na mstari wa heliamu wa 587.6, huo ukiangaza ujue kuna mlipuko unaendelea muda huohuo unaoangalia.

Na madoa? Mjomba nilimwambia achukue karabai, apake masizi sehemu moja ya kioo, azungushe. Nyota inayojizungusha haraka upande wake mmoja unakuja kwetu na mwingine unaenda, kwahiyo mstari unatanuka, bluu ni ukingo unaokuja na nyekundu ni ukingo unaoondoka. Ukingo wa HR 1099 unakimbia kwa kama kilomita 40 kwa sekunde, wa jua ni kilomita 2 tu. Doa likizunguka linaacha kinundu kidogo ndani ya mstari, kinaanzia upande wa bluu, kinatembea, kinamalizikia upande wa nyekundu. Doa la karibu na ikweta kinundu chake kinavuka mstari mzima, la karibu na ncha ya nyota (ncha kama zile za dunia, sio ile ya kalisi) kinatembea katikati tu. Ukikusanya spektra za mzunguko mzima unaweza kuchora ramani ya nyota ambayo hata darubini kubwa inaiona kama nukta. Steven Vogt na Donald Penrod walifanya hivyo kwa HR 1099 mwaka 1983, na ramani ikatoa doa kubwa kwenye ncha ya nyota, mahali ambapo jua letu haliweki madoa kabisa, yake yanakaa ndani ya nyuzi kama 35 kutoka ikweta.

Watu walibishana miaka mingi. Wengine walisema doa la nchani ni makosa ya hesabu, kwamba ni ile kromosfia inajaza katikati ya mstari halafu ramani inadanganyika. Ubishi wa haki kabisa. Mpaka mwaka 2016 ikatoka picha ya Zeta Andromedae, pacha mwingine wa siku 17.8, iliyopigwa na CHARA kule Mount Wilson, Marekani, ambako darubini sita za mita moja moja zinaunganishwa ziwe kama moja yenye upana wa mita zaidi ya 300, na doa likaonekana nchani kweli, bila kupitia hesabu ya mistari. Kwangu huo ndo ushindi mkubwa wa hii fani, kwamba watu waliokesha na mistari miaka 30 na zaidi walikuwa wanaona sawasawa. Na nyota kubwa na za karibu za kupigwa picha namna hiyo ni chache mno, zilizobaki zote mistari ndo njia pekee.

Sasa naingia kwenye hoja yangu yenyewe. Neno la hapo juu ni mzunguko mzima. Spektra moja ya usiku mmoja inakuambia upande mmoja wa nyota, saa hiyo tu. Chukua AR Lacertae, inazungukana kwa siku 1.98. Karibu siku mbili kamili, ona shida inapoanzia. Ukiiangalia leo saa mbili usiku, keshokutwa saa mbili unaona karibu uso uleule, imetangulia kwa dakika kama 24 tu. Mvuvi anajua maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwahiyo akisubiri wiki mbili maji yamezunguka saa zote. Hii nyota kwa kituo kimoja inakuchukua zaidi ya miezi miwili kuziba pengo, na ndani ya miezi miwili madoa yameshabadilika, ramani yako inakuwa ni picha za watu tofauti zimeunganishwa. Hakuna kioo kikubwa kinachotibu tatizo hilo, hata wakupe cha mita 30. Dawa ni kuwa na mtu mwingine mahali pengine duniani ambako ni usiku wakati kwako ni mchana. Ndo maana ikaanzishwa MUSICOS, vituo vya mabara tofauti vinapokezana nyota moja bila kuiacha, na HR 1099 ilikuwa kwenye kampeni ya kwanza kabisa ya mwaka 1989, wakaidaka ikilipuka milipuko mikubwa ambayo kituo kimoja kingelala ikapita.

Kwa kusini mwa ikweta, ukitoka Sutherland kule Afrika Kusini kwenda mashariki, kituo kikubwa cha spektra kinachofuata ni Australia. Katikati ni bahari na sisi. Mtwara iko nyuzi 40 mashariki, nyota zinatupitia kama saa moja na robo kabla ya Sutherland. Sitaki kudanganya kwamba hilo pengo lote tunaliziba, hatulizibi, lakini saa moja na robo kwa nyota ya siku 1.7 ni kipande cha maana, na siku kule mawingu yakifunga huku kunaweza kuwa kweupe.

Mtu ataniambia satelaiti ya TESS, tangu 2018, inaangalia sehemu moja ya anga siku 27 mfululizo, mikesha ya nini tena. Ni chombo kizuri na data zake ziko wazi, kijana mwenye laptop Nachingwea anaweza kuzishusha leo, na nashauri aanzie hapo. Lakini TESS inapima wingi wa mwanga tu, haiugawi kwenye mistari. Inakuambia doa lipo, haikuambii liko nchani au ikweta, na kalisi haioni kabisa.

Kuhusu wapi, mimi nasema sio Mtwara mjini wala Lindi mjini. Unyevu wa pwani na chumvi ya hewani vinakula vioo na chuma, mwenye mashine ya boti anajua. Masasi au Nachingwea, ndani huko kiangazi ni kikavu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi. Darubini ya kioo cha sentimita 30 hivi, yenye spektrografu ya mpasuo, ndo wanayotumia wapenzi wa nyota wa Ufaransa kupima mistari ya haidrojeni kwa nyota kama hizi, wengine wanaifungia uani kwao. Bei yake inafanana zaidi na ya gari kuliko ya kiwanda. Idara ya fizikia ya chuo chochote ikishirikiana na shule mbili tatu za huku inaiweza, na waalimu wa fizikia huku wapo ambao wangekesha kwa hiari, nawajua.

Kazi ya kuanzia nimeshaichagua. Juni mpaka Agosti, V824 Arae, nyota mbili changa za siku 1.68 kwenye anga la kusini, Wazungu hawaipati kwao na Wahindi wa kusini inawapitia chini sana, ramani za sumaku zake zilitoka mwaka 2008 kwa darubini ya Australia na inahitaji macho zaidi. Agosti alfajiri mpaka Novemba mvua zisije, HR 1099, inayopita karibu utosini kwetu. Kila usiku usio na mbalamwezi kali, spektra ya haidrojeni na ya kalisi, muda umeandikwa mpaka sekunde.

Mjomba aliuliza swali la mwisho, kwamba je, jua letu nalo linaweza kufikia milipuko ya namna hiyo. Nikamwambia halifiki huko likiwa peke yake, limeshazeeka mwendo, lakini mwaka 1859 liliwahi kulipuka mpaka nyaya za telegrafu zikawashtua waliokuwa wanazitumia, na Machi 1989 dhoruba yake ilizima umeme jimbo zima la Quebec kule Kanada kwa kama saa tisa. Akatafuna hilo kidogo, akasema basi kama ni kukesha, wao wakiwa majini usiku mzima anga wanaiona kuliko mtu yeyote, na kukiwa na wingu Masasi mtu ampigie simu yeye amwambie huku pwani kukoje.